Trela ya tone ya kujitengenezea: inasumbua wapi, na uanzie wapi kuitazama

Trela ya tone ni kibanda chenye umbo la tone la maji cha kulala watu wawili, jiko likiwa nyuma chini ya mlango unaofunguka kwenda juu. Wengi huikata kwa kipimo cha karatasi moja ya plaiwudi, mita 1.22 kwa 2.44, wakaiweka juu ya fremu ya chuma yenye ekseli moja. Malalamiko ya waliojitengenezea ni yale yale: inayumba, inavuja, inatoa jasho, taa zinafanya vituko. Na mara nyingi sehemu inayolaumiwa haina kosa. Doa la maji linatokea kwenye kona ya godoro ilhali tundu liko kwenye bawaba ya nyuma. Tairi linalika upande mmoja ilhali kilichokaa vibaya ni ekseli. Kwa hiyo pima kwanza, ndipo ushike spana au silikoni.

Nimeanza na yanayoweza kuua barabarani. Yanayokera tu yamekaa nyuma, ila sehemu ya mwisho, ya gesi, nayo inaua.

Inayumba ikishika kasi

Ikianza kuyumba ukiwa njiani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kuifuata kwa usukani. Kuna wanaoshauri uongeze mwendo ili inyooke, usiwasikilize. Kama trela ina breki za umeme zenye kitufe chake pembeni ya dereva, zibonyeze hizo peke yake, taratibu.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni uzito kuwa mwingi nyuma ya ekseli. Jiko liko nyuma, kwa hiyo sufuria, maji, jokofu na betri vyote hukimbilia huko. Uzito unaolalia kichwa cha kuungia unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela nzima. Trela ya kilo 500 inatakiwa ilalie kilo 50 hadi 75, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa cha kuvutia cha gari lako.

Kupima ni rahisi. Pakia kila kitu kama unaondoka kesho, maji yakiwemo. Simamisha trela mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu yote mawili, kisha weka mizani ya kupimia uzito wa mwili chini ya kichwa cha kuungia, na juu yake kipande cha mbao kilichosimama wima kufikia urefu ule ule trela inaovutiwa. Inua kigurudumu cha mbele kisiguse chini. Soma. Ukikuta kilo 25 kwenye trela ya kilo 500, huna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha mizigo. Tuseme kutoka ekseli hadi kichwa cha kuungia ni mita 2.6. Betri ya kilo 25 iliyo mita 1 nyuma ya ekseli, ukiihamishia kwenye sanduku lililo mita 2 mbele ya ekseli, inaongeza karibu kilo 29 kwenye mizani yako. Betri moja tu. Dumu la maji la lita 20 lililo nyuma linaiba kilo 8 au zaidi, nalo hubadilika kila unapochota, ndiyo maana trela nyingine hutulia safari ya kurudi.

Kama mizigo imekaa sawa na bado inayumba, endelea kwa mpangilio huu:

1. Upepo wa matairi, ya trela na ya nyuma ya gari, yakiwa bado ya baridi.
2. Kichwa cha kuungia kulegea kwenye tufe (mpira wa chuma ulio nyuma ya gari), au beringi zenye mchezo.
3. Ekseli kutokaa mraba na mkono wa trela, chuma kinachotoka mbele ya fremu hadi kichwa cha kuungia. Namna ya kupima iko kwenye sehemu ya matairi hapa chini.
4. Ekseli kufungwa mbele mno. Wajenzi wengi huiweka karibu asilimia 60 ya urefu wa kibanda, ukipima kutoka mbele.
5. Mkono mfupi mno.

Namba 4 na 5 zinataka kukata na kuchomelea upya. Hapo waachie mafundi wenye ujuzi wa chesi (fremu za magari), na usivute trela mpaka kazi iishe.

Inagonga kila ukishika breki au ukiondoka

Tazama ukubwa wa tufe. Yako ya milimita 47.6, ya 50 na ya 50.8, na kwa macho yanafanana kama mapacha. Kichwa cha 50.8 juu ya tufe la 50 kitagonga. Juu ya tufe la 47.6 kinaweza kuchomoka kabisa. Namba huwa imegongwa kwenye tufe lenyewe na kwenye kichwa. Zikipishana, badilisha moja. Usijaze nafasi kwa kipande cha bati.

Namba zikilingana, kaza nati ya kurekebisha iliyo chini ya kichwa, kisha fanya jaribio ambalo ni vizuri kulizoea kila unapounga: inua mkono kwa jeki huku umeungwa. Nyuma ya gari inapaswa kuinuka pamoja nao. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono, ili mkono ukichomoka udakwe kabla haujagusa lami.

Bado inagonga? Lala chini na tochi. Chunguza bolti za springi, na hasa pale mkono unapokutana na chuma cha kwanza cha kukatiza cha fremu. Hapo ndipo fremu za kujitengenezea hupasukia. Ufa huanza kama mstari mwembamba kwenye rangi, halafu kutu ya rangi ya chai inachuruzika kutoka ndani yake. Hupatikana zaidi pale mtu alipotoboa matundu kwenye uso wa juu au wa chini wa chuma cha mkono badala ya ubavuni. Ukiona ufa, safari imekwisha. Kuuwekea bati la kiraka juu na kuuchomelea bila kujua umefika wapi ni kuuficha tu. Mwite fundi wa kuchomelea anayefanya chesi, si geti.

Tairi linalika vibaya, au habu (kitovu cha gurudumu) inapata moto

Mlo wa tairi unasema mengi. Likilika kingo zote mbili, upepo ni kidogo. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika ukingo wa ndani kwa magurudumu yote mawili, ekseli imeelemewa na kupinda. Likilika gurudumu moja tu, tena kwa meno meno kama ya msumeno, ekseli haikukaa mraba.

Pima mraba hivi: chukua utepe kutoka katikati ya kichwa cha kuungia hadi ncha ya ekseli ya kulia, kisha ya kushoto, ukitumia alama ile ile pande zote. Tofauti ikizidi milimita 3, legeza bolti za ekseli na uisogeze. Kama ilichomelewa moja kwa moja kwenye fremu, mpe fundi. Na kama ni ekseli yenye raba ndani ya bomba badala ya springi, asichomelee kwenye bomba, maana joto litaiunguza raba na hakuna namna ya kuirudisha.

Trela hukaa muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo tairi lake huzeeka kabla ya kuisha. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Likishapita miaka sita, au lina nyufa ndogo ndogo ubavuni, meno yaliyobaki juu yake yasikudanganye.

Habu nayo ipimwe kwa mkono baada ya kilomita 20 au 30, na tena kila mnaposimama. Isogelee polepole, usiibane ghafla. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, au moja ni moto kuliko mwenzake, tafuta sababu kwa mpangilio huu: nati ya beringi imekazwa mno, grisi imepungua au imechanganyika na maji, breki inashika, beringi imekufa. Wajenzi wapya hukaza ile nati kwa nguvu zote kwa kuiogopa isifunguke. Kwa beringi za koni, inakazwa huku gurudumu likizungushwa mpaka zikae, inalegezwa, kisha inarudishwa kwa vidole tu hadi tundu la pini lilingane. Pini huwa mpya kila mara. Ukishika tairi juu na chini na kulitikisa, uhisi mchezo mdogo sana au usiuhisi kabisa.

Beringi iliyogeuka rangi ya bluu au yenye vishimo haifufuki kwa grisi. Badilisha yote mawili, beringi na kikombe chake. Ikiwa ekseli yenyewe imechubuka pale beringi inapokaa, peleka kwa fundi.

Na nati za magurudumu? Zikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza, na kila baada ya kufungua gurudumu. Ni dakika tano.

Kuna maji ndani

Hapa ndipo wengi huharibu zaidi kwa kurekebisha. Wanaona doa, wanapaka silikoni juu ya doa, mvua inarudi, wanaongeza silikoni. Miezi ikipita plaiwudi inakuwa laini kama mkate uliolowa, na hakuna rangi wala gundi itakayoshika tena mahali pale, kwa sababu silikoni iliyobaki hukataa kila kitu, hata silikoni mpya.

Kwanza thibitisha kwamba ni mvujo. Kausha doa, libandike kipande cha nailoni na ukizungushie gundi ya karatasi pande zote, uache usiku mmoja wenye watu ndani. Unyevu ukiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, hilo ni jasho. Nenda sehemu inayofuata. Ukiwa chini ya nailoni, maji yanatoka ukutani.

Yanakoingilia, kuanzia panapozoeleka zaidi:

Bawaba ya mlango wa nyuma. Inakatiza paa zima, na kila skrubu yake ni tundu. Maji yakipenya pale hufuata ubavu wa mbao ndani ya paa, huteremka na ukuta na kutokea chini, wakati mwingine karibu na mlango wa kuingilia. Ndiyo sababu mlango husingiziwa.

Ukanda wa alumini unaofunika maungio ya paa na ukuta. Skrubu zake hupenya moja kwa moja hadi kwenye kingo za plaiwudi, sehemu inayofyonza maji kuliko zote.

Pembeni mwa mlango wa nyuma, pale raba inapokunjwa kwenye kona ya chini. Kisha madirisha na feni ya paa. Mwisho kabisa, sakafu: maji yanayorushwa na matairi hupanda kupitia matundu ya nyaya, na mwenye trela hayawazi kwa sababu anatazama juu tu.

Kulipata tundu unahitaji mpira wa maji, mtu wa pili na subira. Siku ya jua, ndani pakiwa pakavu, chora mstari wa chaki kwenye ubao chini ya kila kiungo unachokishuku. Mmoja akae ndani na tochi. Wa nje amwagie maji bila kuyasukuma kwa nguvu, akianzia chini: kingo za sakafu dakika kumi, kisha milango, kisha madirisha, ukanda, na bawaba mwishoni. Ukianza juu, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua mkosaji. Chaki inapolowa hubadilika rangi kabla tone halijaonekana, na mara nyingi mtu wa ndani huona mstari mweusi mwembamba ukitembea kando ya ubavu wa paa, tone likiwa bado halijaanguka popote. Fuata mstari huo kuelekea juu, si chini.

Ukishalipata, ng'oa ukanda au bawaba yote. Kwangua silikoni ya zamani mpaka uone mbao au chuma. Panua kila tundu la skrubu, lijaze epoksi (gundi ya kuchanganya), iache ikauke, kisha toboa upya katikati yake. Hapo hata maji yakifika kwenye skrubu hayakutani na mbao. Chini ya ukanda laza utepe wa butili (raba laini inayonata), kaza kidogo, rudi baada ya siku moja ukaze tena, kata kinachotoka pembeni. Butili haikauki ikawa ngumu, na siku ya kung'oa inang'oka.

Kabla ya kufunga, choma mbao kwa msumari mwembamba kila sentimita chache. Penye ulaini kata utoe. Ulaini ukifika kwenye mbao zinazobeba mlango wa nyuma au zinazofungwa kwenye fremu kwa bolti, kazi imetoka kwenye uvujaji na kuingia kwenye uimara. Pata seremala akutazamie kabla hujaivuta tena.

Kuta zinatoa jasho, godoro lina ukungu chini

Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi na ngozi. Kwenye kibanda kidogo kiasi hicho, yatakwenda wapi? Yatatua penye baridi: madirisha, vichwa vya skrubu, chini ya godoro.

Fungua tundu la paa na dirisha moja kwa upana wa vidole viwili, hata kukiwa na baridi. Feni ndogo inayotoa hewa nje inasaidia kuliko kifaa chochote cha kufyonza unyevu. Inua godoro kwa vipande vya mbao vilivyoachana ili hewa ipite. Hayo yakishindwa ndipo ufikirie kuongeza povu la kuzuia baridi kwenye kuta. Nguo mbichi zikae nje.

Ngozi ya nje imevimba au ina mawimbi

Alumini hutanuka. Karatasi ya mita 2.4, joto likipanda nyuzi 40 za Selsiasi kati ya alfajiri na jua kali, huongezeka zaidi ya milimita 2. Ukiwa umeibana kwa skrubu kila upande, au umeigandisha yote kwa gundi, itajikunja. Legeza, panua matundu, acha ukanda wa pembeni uishike bila kuitoboa. Unga mweupe kuzunguka skrubu za chuma ni metali mbili zinazolana kwa sababu ya maji; weka kitu cha kuzitenganisha.

Kwa plaiwudi iliyopakwa rangi, mapovu yanayotokea juani maana yake mbao zilikuwa na unyevu ulipozifunika, au maji yanaingia kwa nyuma. Kupiga msasa na kupaka tena bila kukausha ni kupoteza rangi.

Mlango wa nyuma haufungi sawasawa

Uegemeze kwa mti imara, chomoa shoki za gesi zote mbili, ufunge mlango kwa mkono. Pengo likitoweka, shoki zina nguvu mno au zimefungwa vibaya, nazo zinaukunja mlango taratibu kila siku ukiwa umefungwa. Tafuta dhaifu zaidi, au uhamishe mashikio yake yakae kwenye mbavu za pembeni za mlango. Pengo likibaki, pima mishazari miwili ya uwazi wenyewe, kona hadi kona: ikitofautiana, kibanda kimepinda.

Ikiwa sawa, mlango ndio uliojinyoosha. Plaiwudi iliyokunjwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na mlango uliotengenezwa kwa karatasi moja nene utafanya hivyo tu. Mbili nyembamba zilizogandishwa pamoja juu ya kalibu hushika umbo. Kwa pengo la milimita chache raba nene inatosha. Zaidi ya hapo, tengeneza mwingine. Inauma, najua.

Shoki iliyochoka itupwe nzima. Usiitoboe wala kuikata. Ndani mna gesi yenye shinikizo kubwa.

Taa zinapepesa, au zote zinawaka hafifu kwa pamoja

Ukikanyaga breki na indiketa nazo zikapata mwanga kidogo, ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Usiendelee kukisia. Wengi hutegemea umeme urudi kupitia tufe la kuvutia, lenye grisi na kutu. Vuta waya wa ethi wake peke yake kutoka kwenye plagi hadi kila taa, na pale unapofungwa kwenye fremu kwangua rangi uone chuma.

Baada ya hapo angalia pini za plagi zilizoota kijani, kisha waya uliosuguliwa na ukingo wa fremu. Ikiwa taa zinafanya kazi lakini gari linalalamika balbu imeungua, au indiketa inapiga haraka mno, umefunga taa za LED zinazotumia umeme mdogo kuliko gari linavyotarajia. Hapo unahitaji kifaa cha kati kinachofaa gari lako. Kwenye magari mapya mwachie fundi umeme.

Betri inakufa kabla ya asubuhi

Pima ikiwa imepumzika saa chache. Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7; 12.2 ni nusu, na chini ya hapo unaifupishia maisha. Ikiwa haijai hata baada ya safari ndefu, shuku waya. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukipitisha ampea 8, unapoteza volti 1.1 njiani. Ukibadilisha ukaweka wa milimita mraba 6, hasara inashuka hadi chini ya 0.3. Magari mengi mapya hushusha volti za altaneta (jenereta ya gari) makusudi, na kwayo unahitaji chaja ya kati, inayokaa kati ya gari na betri ya trela. Betri ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sentimita 20 au pungufu. Ikiungua, tafuta waya uliogusana. Harufu ya plastiki kuungua au betri iliyovimba: chomoa, toka, ita fundi umeme.

Harufu ya gesi, au mnaamka na kichwa kinauma

Haya ni mawili tofauti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Ukinusa, funga valvu ya mtungi, fungua milango yote, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje. Viungo vipimwe baadaye kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Kabati la mtungi liwe na tundu la hewa chini kabisa, na lisiwasiliane na chumba cha kulala. Bomba linalovuja kwenye kiungo cha shaba libadilishwe na fundi wa gesi mwenye leseni.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu usioeleweka kwa wote wawili ni dalili za monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Tokeni nje mara moja na mwone daktari siku hiyo hiyo, hata mkijisikia nafuu. Chanzo huwa ni jiko la gesi au la mkaa lililoingizwa ndani kutafuta joto, au jenereta iliyowashwa karibu na dirisha. Weka kengele ya monoksidi ya kaboni usawa wa kitanda, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kabla ya kila safari.